Kitambaa Cheupe cha Fisi

Mwaka ule hata chura aliomba maji kwa jirani, wala sitii chumvi. Upande huu wa mto mashamba yalikauka. Mtama ulibaki ng'ambo tu, ukiletwa na mashua mbili za moshi, moja ya Fisi na nyingine ya Sungura. Zote zilichoma kuni mbichi, na kijiji kizima kikawa cha kukohoa. Mkubwa gani alijali? Hakuna, mpaka siku masizi yalipotua kwenye manyoya ya shingoni mwa Simba.

"Mimi mfalme nifanane na chungu cha jikoni!" alinguruma. "Sikilizeni! Kila mashua itatundika kitambaa cheupe juu ya bomba la moshi. Atakayefika na kitambaa kisafi zaidi atapakua kwanza, na mwenzake atampa vikapu kumi vya mtama."

Vikapu kumi! Sungura masikio yalimsimama. Nyumbani watoto wake saba walikuwa wakilamba sufuria tupu. Akaanika kuni zake mpaka zikakauka kabisa, akapunguza mwendo, na penye mkondo mzuri akazima moto na kusukuma mashua kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Viganja vilimtoka malengelenge.

Fisi akampita, bomba lake halitoi hata pumzi. "We Sungura, utafika mwakani!"

"Umekausha kuni, Bwana Fisi?"

"Nikaushe za nini? Nimbembeleze moto kama mgonjwa?"

Kumbe mlafi yule alikuwa ameliziba bomba na kutoboa tundu kwa chini, moshi wote ukawa unaingia tumboni mwa mashua, chini ya mfuniko, ulikokaa mtama.

Alifika gatini na kitambaa cheupe pepepe. Sungura akafuata, kitambaa chake kimeingia rangi ya chai.

"Fisi ameshinda," akasema Simba. "Sungura, toa vikapu kumi."

Maskini, machozi yalimlengalenga. Kumi ndivyo pekee alivyokuwa navyo. Ndipo pua yake ikacheza. Pembeni mwa mfuniko wa Fisi palikuwa na uzi mwembamba wa moshi.

"Nitatoa, Mfalme," alisema kwa unyenyekevu. "Lakini desturi ya gati letu je? Anayepakua kwanza, si hufunguliwa mfuniko na mfalme mwenyewe?"

"Enhe! Nilitaka kusahau heshima yangu," Simba akasema, akitikisa manyoya yaliyooshwa asubuhi ile.

Fisi akaruka. "A-a, Mfalme, usijichoshe! Nitapakua kesho. Hata keshokutwa!"

"Wewe ni nani wa kuninyima heshima?" Simba akashika mfuniko, akauvuta.

Lahaula! Moshi wa safari nzima ulimlipukia usoni. Alipotokea tena alikuwa mweusi tii, macho tu yanang'aa, na mtama wa Fisi mweusi kama yeye.

"Fi... kho! Fi... kho!" Jina halikutoka, lakini kucha zilitoka.

Fisi alikurupuka mbio, mashua akaiacha. Sungura akabaki na vikapu vyake, akaongezewa kumi vya Fisi. Watoto wakaonja mtama ule mweusi, wakashangilia, "Baba ametuletea wa kuchoma!"

Njia ya mwongo ni fupi.