Pilau ya Balozi wa Shungwi

Masultani wawili wenye vitambi, Bakumba na Shangama, walitaka kupigana vita kwa sababu ya jabali moja baharini lililojaa mavi ya ndege. Katikati yao ilikaa nchi ya Shungwi, na kila kombora lingepita juu ya mapaa yake. Shungwi ikamtuma balozi wake, Bi Zuwena, akawapatanishe.

"Shangama aniombe samahani kwa kinywa chake, mbele za watu!" alifoka Bakumba. "Naapa, siku hiyo hiyo nitaondoa mizinga."

Shangama naye aliapa maneno yayo hayo, ila kwa mate mengi zaidi.

"Basi njooni mle kwangu," alisema Bi Zuwena. "Kuzungumza si lazima."

Wakaja na mawaziri wao, wakaketi wamenuniana kama wake wenza. Pilau ikaletwa, haina chumvi hata chembe. Kibakuli cha chumvi kiliwekwa mbele ya Bakumba, na kachumbari mbele ya Shangama.

Shangama alionja, akakunja uso, akanyoosha mkono usifike.

"Samahani, nisogezee chumvi."

"Bila samahani," alijibu Bakumba, akamsogezea. "Nami samahani, hiyo kachumbari."

"Bila samahani."

Bi Zuwena akasimama. "Waheshimiwa mawaziri, mmesikia wenyewe. Wameombana samahani, tena kwa vinywa vyao."

"Mimi niliomba chumvi!" alipiga kelele Shangama.

"Chumvi umeshapata, Mtukufu. Iliyobaki ni mizinga."