Chungu Laini cha Onenha

Mkimbia changarawe asialike wageni. Mmeuliza imetoka wapi; basi kaeni, sitarudia. Methali hii ilianza hivi.

Kaskazini mwa Amerika, Wahuroni waliishi ukoo mzima katika nyumba moja ndefu, na vyungu vilifinyangwa na wanawake. Walichoma mawe, wakayaponda yawe changarawe na kuyachanganya na udongo. Chungu kilitoka na vipele, lakini kilistahimili moto.

Wazungu walipofika, sufuria za shaba zikaingia. Nyumba ya Yandawa, binamu yake msichana mfinyanzi aitwaye Onenha, ikapata moja.

"Vyungu vyenu vina upele," Yandawa alimcheka. "Havioni haya?"

Maneno yale yalimchoma Onenha. Ukoo wa mbali ulikuwa unakuja kufanya urafiki, naye kwa mara ya kwanza alikabidhiwa kufinyanga chungu cha karamu. Nyumba iliyowapikia wageni ndiyo iliyopata urafiki wao. Akafinyanga udongo mtupu. Chungu kikatoka laini kama shavu la mtoto.

Bibi yake alikipapasa. "Changarawe iko wapi?"

"Inaharibu sura, Bibi."

"Haya. Moto utasema."

Siku ya karamu, wageni wameshaketi, uji wa mahindi na samaki ulipoanza kutokota, chungu kikalia *pa!* Uji wote ukamwagika, moto ukazimika.

Yandawa akainuka. "Niwaletee sufuria yetu?"

Onenha alijua maana yake: wageni wangekuwa wa nyumba ya akina Yandawa.

"Kaa chini, dada," alisema. Akawageukia wageni. "Chungu nilikiharibu mimi, si nyumba yetu. Nipeni muda, mtakula hapa hapa."

Akaleta chungu cha bibi yake, cheusi kwa masizi, kimejaa vipele. Akakisimamisha kati ya mawe, akawasha moto, akasaga mahindi mengine mbele ya macho yao. Jasho lilimtoka, lakini hakuinamisha kichwa. Jua lilikuwa limeshapinduka aliposhika upawa na kuanza kupakua.

Mama mzee aliyewaongoza wageni alilamba kidole. "Nyumba hii tumeijua. Lakini binti, chungu kingine utakifinyangaje?"

"Kwa changarawe, Mama. Vipande vya kile kilichopasuka nitaviponda vyote nivitie humo."

Mama yule akacheka mpaka akajifuta machozi, akainua bakuli aongezewe.

"Sikieni, wanangu," akawaambia watu wake. "Mkimbia changarawe asialike wageni."