Namba za Mkurugenzi

Mwanamke mmoja, Yusta Mbawala, alikuwa na kazi ya kujenga milango isiyoonekana. Wilaya yake ilikuwa imehamishia huduma kwenye kompyuta: vyeti vya kuzaliwa, viwanja, majina ya watoto waliochaguliwa kuingia sekondari. Yusta ndiye aliyeongoza wenzake kupanga ulinzi wa vitu hivyo. Walipanga miaka miwili. Kila mtumishi awe na neno lake la siri. Akishaliandika, namba sita ziingie kwenye simu yake mwenyewe, aziandike nazo, ndipo afunguliwe. Na jina la mtoto lisibadilishwe mpaka watu wawili wakubali.

Mkurugenzi wa wilaya alikata utepe wa uzinduzi, akapigiwa makofi. Wiki ya pili akachoka. Vikaoni huzima simu, na neno lake la siri karani wake alikuwa nalo siku nyingi, kalibandika mezani, ili bosi akisafiri kazi zisilale. Basi akaagiza namba zake ziende kwenye simu ya Mama Shukurani, mpika chai, kwa kuwa yeye hatoki ofisini. Tena kibali chake peke yake kitoshe.

Yusta akapanda ghorofani kumweleza. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema, "Binti yangu, kwani mimi mwizi?"

Yusta aliona haya. Alikuwa na majibu kumi, yote ya kweli, asitoe hata moja. Akashuka, akalitia saini agizo lile.

Tangu hapo sauti ya Mama Shukurani ikawa inatoka jikoni na mvuke wa chai: "Za bosi hizo! Nne, saba, sifuri..."

"Mama, hata barabarani wamesikia!" makarani humtania.

"Wasikie. Mimi siibi."

Na kweli hakuwa mwizi. Watu walicheka, Yusta naye akacheka.

Januari akaja msichana aitwaye Editha na baba yake, tranka kichwani, godoro begani. Shuleni wameambiwa jina halipo. Yusta akatazama kumbukumbu. Jina la Editha lilifutwa, likaandikwa la mtoto mwingine, kwa neno la siri la mkurugenzi na namba zake, saa nne asubuhi, siku ambayo mkurugenzi mwenyewe alikuwa msibani. Namba zile ofisi nzima ilizisikia. Aliyezitumia hakujulikana.

Mama Shukurani akafukuzwa. Yusta akaamriwa aongeze mlango mmoja, akapewa na cheti cha pongezi. Shule ilikwisha kujaa. Editha akaambiwa asubiri mwaka ujao, na mwaka ujao ulikuwa na watoto wake. Baba akalihamishia godoro bega la pili, wakarudi kwao.

Je, aliyemwibia Editha ni yule aliyezitumia namba, au mama aliyezitaja kwa sauti, au huyu aliyezijua kufuli zote, akashindwa kumwambia mkubwa hapana, hata mara moja tu?