Jiwe Mbele ya Duka la Bi. Nyamizi

Jiwe la mgeni halimjui mgeni. Mmeisikia asubuhi kwa fundi viatu, mkacheka, mkaniuliza tangu lini jiwe likajua watu. Haya, wekeni simu hizo chini, maana mimi sirudii. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wa maduka ya nguo, na kuzaliwa kwake kulikuwa na machozi.

Bi. Nyamizi alikuwa muuza kanga. Zamani mtaa ule ulipitika vizuri, mteja akishuka garini anaingia dukani. Kisha magari yakazidi nafasi. Watu wa maofisini waliegesha tangu saa moja asubuhi hadi jioni, na mteja akizunguka mara tatu bila kupata pa kusimama, huyo, kaenda zake kwingine. Wenye maduka wakaanza kulinda milango yao. Huyu alitoa ndoo, yule tairi bovu. Bi. Nyamizi akaviringisha jiwe hadi mbele ya mlango wake. Hata hivyo, wiki nzima ilipita hajauza doti tano.

Ndipo akaletewa habari kwamba Bi. Sikudhani, somo aliyewafunda mabinti wa nusu ya mji, atakuja kwake Jumamosi kuchagua sare za harusi, doti mia na ishirini. Bi. Nyamizi alikwisha kumwambia dada yake, "Hii ikinipita, nafunga duka, narudi Sikonge kwa kaka." Na huyo kaka hamumjui, heri yenu!

Tatizo lilikuwa magoti. Bi. Sikudhani alikuwa mtu mzima, hatua ishirini kwake ni safari, kwa hiyo lazima ashukie mlangoni. Simu yake nayo huiacha kabatini isije ikapotea. Hakukuwa na la kufanya ila kulingoja gari jeupe la mpwa wa somo huyo, ndilo humbeba siku zote.

Jumamosi, saa mbili, Bi. Nyamizi alikuwa amesimama kando ya jiwe lake. Alipanga kanga, akazipangua, akazipanga tena. Chai ikapoa. Kila gari jeupe lilipotokea moyo ulimlipuka, kumbe la mwingine. Je, kama amesahau? Je, kama ameugua? Akafukuza bodaboda, akafukuza teksi. Alimfukuza hata mama mmoja aliyetaka kusimama kidogo anunue doti moja. Doti moja itamfaa nini, na mia na ishirini ziko njiani?

Saa tano likaja pikapu la nyanya, vumbi tupu mpaka kwenye vioo, likasimama pua yake karibu na jiwe. Dereva akatoa kichwa.

"Mama, nisogezee hilo jiwe. Namshusha mtu mzima tu, miguu inamsumbua."

Bi. Nyamizi hata hakumtazama. Macho yake yalikuwa mwisho wa mtaa.

"Kila mtu ana mtu mzima wake! Toa nyanya zako hapa. Nimemwekea nafasi mtu wa maana."

"Dakika moja, mama."

"Nimesema toa!"

Dereva akageuka, akasemezana na aliyekaa ndani, kisha pikapu likaondoka taratibu. Bi. Nyamizi akashusha pumzi. Nafasi ilikuwa salama.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, gari jeupe halijaonekana. Alipotupa macho kwenye duka la Hamdani, muuza kanga mwenziwe pale pembeni, akaliona lile pikapu, na vijana wawili wanapakia marobota ya kanga. Mlangoni, kitini, ameketi Bi. Sikudhani anakunywa maji. Yallah! Bi. Nyamizi alikimbia, mtandio ukamwanguka, hakuuokota.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe! Tangu saa mbili! Gari la mpwa wako..."

"Limeharibika. Huyu wa nyanya kanisaidia."

"Sasa mbona hukuniita?"

Bi. Sikudhani aliweka bilauri chini. "Nilisikia unamngoja mtu wa maana. Nikaona haya kukaa mahali pake."

Bi. Nyamizi alipiga magoti pale pale mbele za watu, akalia. "Wallahi, jiwe lile nilikuwekea wewe."

Mama wa watu akamshika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Najua, mwanangu. Lakini jiwe la mgeni halimjui mgeni. Wa kumjua ulikuwa wewe."

Kanga zilikuwa zimekwisha kununuliwa, na somo hageuzi neno lake. Mwezi haukuisha, Bi. Nyamizi akapanda basi la Sikonge.

Basi mkimwona mtu kamwekea mwenziwe nafasi, kisha anamkunjia uso kila anayekuja, mwambieni mapema, kabla pikapu halijaondoka: jiwe la mgeni halimjui mgeni.