Malewa ya Mama Nambozo

Onja ndipo uonye. Mmemsikia Mghoi, binti wa dada yangu, akiwaambia hivyo vijana wa kamati ya mafuriko, na sasa mnataka kujua kautoa wapi. Basi sogeeni. Msemo huu ulizaliwa mbali na hapa kwetu Taita, ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda.

Mghoi alikwenda kuishi huko baada ya masomo, kuwafundisha watu kujiandaa kabla udongo wa mlima haujaporomoka. Alikwenda na moto moyoni. Begani alibeba mkoba wa dharura wenye tochi, filimbi, maji na biskuti, na kila kikao aliufungua kuwaonyesha watu. Walimpigia makofi, kisha wakarudi makwao, na hakuna aliyejiandaa. Akikaribishwa chakula alishukuru, akala biskuti zake.

Siku moja alifika kwa Mama Nambozo, mjane ambaye nyumba yake ilikuwa ya juu kabisa mlimani. Mghoi alimweleza kwamba mvua ikizidi, sharti ahame. Mama Nambozo alikuwa akikoroga malewa, chipukizi za mianzi zilizokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Akautazama ule mkoba.

"Mwanangu, mkoba wako umeshiba kuliko wewe," alisema. "Kila siku unatuambia mlima huu utatuua. Huu huu ndio unaotulisha. Uonje kwanza, ndipo utuonye."

Mghoi akaketi, akaonja. Moshi ulimpanda puani, karanga zikamtuliza, akaomba tena. Ah, ungemwona! Kesho yake alikuwa njiani na akina mama kuelekea msitu wa mianzi. Aliteleza akashuka kwa makalio hadi kwenye tope, wakamwita "gunia la viazi", naye akacheka kuwashinda wote. Alijifunza kukata chipukizi, kusuka kata ya majani ya migomba ya kuwekea mzigo, kubeba chungu kichwani bila kukishika. Aliniandikia kwamba kila asubuhi aliamka na hamu kama mtoto wa sikukuu. Na maneno yake yakabadilika. Hakusema tena watu waukimbie mlima. Alisema wajifunze kuupisha unapochafukwa na tumbo, kisha waurudie.

Msimu wa mvua ulipopamba moto, mchana mmoja ardhi ilipasuka nyuma ya nyumba ya Mama Nambozo. Majirani walimsihi atoke, akagoma. Alisema aliolewa hapo na atazikwa hapo. Nao wengine, wakimwona mkubwa wao ametulia, wakatulia.

Mghoi akaja mbio, ameloa chapachapa. Hakupuliza filimbi.

"Mama, huu mlima nimeula, nami naupenda," alisema. "Leo umechafukwa na tumbo. Tuupishe."

"Na chakula changu kiko motoni?"

"Hicho nakibeba mimi."

Akaviringisha kata, akajitwika chungu kichwani, akashika njia ya kanisani, ng'ambo ya bonde. Mama Nambozo alisimama mlangoni, akakitazama chungu chake kikiondoka katika mvua, kimenyooka wima juu ya kichwa cha yule mgeni.

"Gunia la viazi limejua kubeba," alisema, akatwaa shuka yake, akafuata. Majirani walipomwona amepita, wakabeba watoto wakafuata pia.

Walikuwa hawajamaliza kukaa mabenchini waliposikia mngurumo. Walipochungulia, pale ilipokuwa nyumba ya juu palikuwa na udongo mwekundu mtupu. Hakuna aliyepungua.

Mama Nambozo alilia kidogo, kisha akafunua chungu. Malewa yalikuwa bado ya moto. Akampakulia Mghoi wa kwanza, mbele ya wote, akawageukia vijana waliokuwa wamekuja kusaidia.

"Mkitaka watu wawasikie," aliwaambia, "fanyeni kama huyu. Onja ndipo uonye."