Mpapai Dume wa Bi Mwanakheri

Inasimuliwa, na Mola ndiye Mwenye kuijua kweli yote, kwamba zamani kisiwani Pemba alikuwapo msokota kamba mmoja, Faki bin Hamadi, mcha Mungu asiye na maneno mengi. Mkewe, Bi Mwanakheri, alipanda mbegu ya papai nyuma ya nyumba, mahali mumewe alipokuwa akitawadha, ili maji ya udhu yasipotee bure. Mche ulipofika magotini, bibi alishikwa na homa isiyomwachia. Akamwita mumewe.

"Nimeweka nadhiri, Bwana. Ramadhani ijayo majirani wafuturu kwa mti huu. Nikiwa sipo, nitimizie."

"Nitautilia maji," akajibu Faki. "Lililobaki ni la Mola."

Bibi akarejea kwa Mola wake kabla ya mvua za vuli. Faki aliendelea kutawadha pale pale kwa kila swala, na maji yakateremka kwenye shina.

Mpapai ukakua, ukachanua. Lakini maua yalitoka kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia kama shanga, na kila mpanda mipapai anajua maana yake: mti ni dume, hauzai.

Jirani yake, Bi Mize, ambaye mipapai yake ilikuwa mingi kuliko ya mtu yeyote mtaani, alichungulia juu ya ua wa makuti, akacheka.

"Kaka Faki, umelea shababi! Mfunge kanga kiunoni, huenda akaona haya akazaa."

"Kanga za marehemu nimezitoa sadaka zote, dada yangu."

Bi Mize akapunguza kicheko. "Basi mkate, kama tulivyokata sisi. Mwaka huu visima vimeshuka, na dume ni mnywaji tu."

Ni kweli, mtaa mzima ulikuwa umekata mipapai dume kwa uchache wa mvua.

"Anakunywa maji ya udhu wangu," akasema Faki. "Sijamwongezea hata kata moja. Niliahidi kuutilia maji mti huu. Sikuahidi kwamba utazaa."

Watu wakasema msiba umemchukua akili. Naye kila akitawadha kwa magharibi aliwaona vipepeo wa jioni wakiingia katika maua yale yenye harufu nzuri, kisha wakiruka ua na kwenda zao. Alisema Subhanallah, akaenda kuswali.

Shaabani ilipokaribia kwisha, alikuja Mwinyi Dadi, rafiki yake tangu utotoni, na pakacha la mapapai yaliyochumwa shamba la mbali.

"Chukua, futurisha watu. Mwanakheri apumzike, nawe upumzike. Nani atauliza yametoka mti gani?"

Faki aliyatazama mapapai yale kwa muda. Hapakuwa na jambo alilolitaka duniani kuliko kuitimiza nadhiri ile. Kisha akalirudisha pakacha mikononi mwa rafiki yake.

"Ukiwalisha kwa jina lako, nitakuja kula nawe. Lakini nikisema ni ya mti wake, nitakuwa nimemzulia uongo mtu asiyeweza kunikanusha."

Ramadhani ikaandama. Alasiri ya siku ya kwanza, Bi Mize alipiga hodi akiwa na sinia la mapapai yaliyoiva, na majirani nyuma yake. Safari hii hakucheka.

"Kaka Faki, nina neno. Mtaa mzima mapapai hayakushika. Maua yanachanua, yananyauka, yanadondoka. Hata kwangu, mipapai ya upande wa njiani haikuzaa hata tunda moja. Iliyozaa ni ile inayopakana na ua wako, na kadiri mti unavyoukaribia ua, ndivyo ulivyobeba zaidi. Madume yote tuliyakata. Lililobaki ni la Mwanakheri."

Faki akasema, "Mipapai umeipanda wewe, dada. Matunda ni yako."

"Mipapai ni yangu, ndiyo. Kuzaa kwake si kwangu. Na wala sisemi haya kukuliwaza. Vuka ua utazame mwenyewe."

Faki hakuwa mtu wa kukubali jambo kwa sababu tu linampendeza. Alivuka ua, akatazama mti baada ya mti, na akakuta kama alivyoambiwa. Aliporudi, alitandika mkeka kando ya mpapai, akasema kwa sauti ambayo majirani hawakuisikia kwake tangu siku ya maziko:

"Karibuni mfuturu. Hii ni nadhiri ya Bi Mwanakheri."

Jua lilipotua, wakafuturu. Na tangu mwaka ule, inasemwa, hakuna aliyepanda mipapai mtaani pale bila kuacha dume moja lisimame.

Ndugu zangu waumini, aliyeondokewa huachiwa kazi ndogo ambayo mwenzake hakuimaliza, na mara nyingi haioni faida yake. Faki naye hakuiona. Aliangalia tu asiseme uongo, na maji yasikose kufika shinani. Mja haulizwi matunda, huulizwa maji.