Kitako cha Deraya ya Kulaibu

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Shamu, zama za waja wema waliotutangulia, palikuwa na mhunzi wa deraya, mavazi ya chuma ya vita, aitwaye Yaish, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkewe, Bibi Shumaisa, alikuwa mchonga vito. Mafundi wa mji ule walikuwa na desturi: sehemu isiyoonekana ndiyo iliyoshughulikiwa kwanza, na fundi aliianza akiwa na udhu. Katika kito, ilikuwa ule ubapa mdogo unaosagwa kwenye ncha ya chini ili ncha isipasuke. Katika deraya, ilikuwa mabamba yanayoning'inia nyuma, chini ya kiuno. Zote mbili waliziita kitako.

Siku jeshi lilipokuwa likijiandaa kutoka, alikuja Kulaibu, mtoto pekee wa mjane Bibi Atika, kuchukua deraya yake.

"Ami Yaish, hicho kitako niondolee," akasema. "Mgongo wangu adui hatauona. Wawekee wanaokimbia!"

Waliokuwapo wakacheka. Bibi Shumaisa, aliyekuwa akisaga yakuti kizingitini, hakuinua uso.

"Mwanangu, ncha kali ndiyo hupasuka kwanza."

"Mimi si yakuti, mama."

"Ndiyo maana nakuhofia. Yakuti ikipasuka, vipande vyake bado huuzwa."

Yaish alijua vyema kwamba mgongo hauachwi wazi na mwenye kukimbia tu. Hata anayeinama kumwinua mwenzake huuacha wazi. Lakini Kulaibu alikuwa akisifiwa soko zima, na Yaish alitamani kazi yake ionekane juu ya mwili ule. Akakata kamba za ngozi, akayatundika mabamba ukutani.

Kulaibu hakurudi. Ilirudi habari kwamba amekufa kwa jeraha la mgongoni, chini ya kiuno. Watu wakanong'ona kuwa amekufa akikimbia. Bibi Atika akatandika mikeka ya matanga, na waliokuja kumhani walikuwa wachache, nao hawakukaa.

Sokoni, Yaish alipongezwa. "Deraya yako haina lawama," waliambiana. "Chuma hakimfai mwoga." Kila aliposikia hayo aliyatazama mabamba ukutani, akaendelea kufua chuma. Alijiambia kwamba hakuwapo vitani, basi atashuhudia nini?

Bibi Shumaisa akamwambia, "Mume wangu, sifa unazovishwa zimevuliwa maiti."

Ijumaa iliyofuata, matanga yakiwa yamekwisha kuanuliwa, Yaish alisimama msikitini baada ya swala, mabamba mkononi.

"Enyi waja wa Mungu, hiki ndicho kitako cha deraya ya Kulaibu. Nilikiondoa kwa mkono wangu, nami nikijua kwamba anayeinama hubaki wazi hapa. Kama alikimbia au hakukimbia, Mungu ndiye ajuaye. Lakini chuma changu kilikuwa na kosa, nami nimeliacha kosa hilo liitwe lake."

Kisha mtu mmoja aliyefungwa kitambaa mguuni kwa jeraha la vita akaanza kulia katika safu ya nyuma.

"Aliniinamia mimi," akasema. "Nilianguka nikapiga mayowe kama mtoto, akarudi kuniinua. Niliona haya kusema."

Wote wawili wakaenda kwa Bibi Atika, na umati nyuma yao. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akayapokea mabamba na kuyapakata.

"Mungu awalipe kwa kusema kweli," akasema. "Lakini mikeka nimeshaikunja, Yaish. Mngekuja ikiwa imetandikwa."

Mpaka kufa kwake Yaish hakumkabidhi mtu deraya isiyo na kitako, na aliposifiwa kwa hilo alikuwa akiondoka barazani.

Ndugu zangu, toba ya Yaish tunaitarajia kuwa imekubaliwa, kwani mlango wa Mola haufungwi kwa aliyechelewa. Matanga ya mja, hata hivyo, yana siku zake, na zikipita mikeka haitandikwi tena.